Kabla hujalaumu mikono yako, pima mikoplazma, bakteria wanaojificha kwenye seli za maabara

Juzi dada mmoja wa shahada ya uzamili kaniandikia: "Kaka, seli zangu za K562 zinasuasua, msimamizi anasema nina mikono michafu." Nilicheka, kisha hasira zikanipanda. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, maabara nzima ikisikia.

K562 si seli za kudeka. Zilitoka kwenye maji ya kifuani mwa mwanamke wa miaka 53 mwenye leukemia sugu ya mayeloidi (aina ya saratani ya damu), zikatangazwa mwaka 1975, na mpaka leo zinazaana. Zinaelea, hivyo hakuna habari ya tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli zilizoshika chombo. Ukizipa media (kimiminika cha lishe) ya RPMI 1640 yenye serumu ya ndama asilimia 10, nyuzijoto 37 na kabonidioksaidi asilimia 5, huongezeka maradufu kwa takribani siku moja. Zikigoma, pana jambo.

Zangu ziligoma. Media ilikuwa safi, hata ukungu hakuna, na chini ya hadubini hakikuonekana kinachotembea. Nikabadilisha serumu, nikasugua inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli), nikaongeza penisilini. Wapi! Mikoplazma haina ukuta wa seli, sasa penisilini ibomoe nini? Na ni kadogo hako kadudu, hata kichujio cha mikroni 0.2 hukipenya. Kuomba PCR, kipimo kinachosaka DNA ya bakteria hao, nikaambiwa napoteza hela. Nikaazima vitendanishi kwa majirani, nikaendesha usiku. Mstari ukatokea kwenye jeli, mnene, yaani mikoplazma wamo. Nikapima na kichupa cha akiba, kile tulicholetewa kama zawadi na maabara nyingine kabla sijaajiriwa: mstari uleule. Radhi sijaombwa mpaka leo. Wala sisubiri (nasema tu).

Siku hizi wanaotaka K562 safi wanabisha hodi kwangu.

Kwa hiyo dada, pima. Seli ngeni ikae karantini kwenye inkubeta yake. Kama huna inkubeta ya pili, seli hiyo ishike mwisho wa siku, baada ya zako, mpaka PCR iseme. Ukipata zilizo safi, gandisha vichupa mapema kwa DMSO (kemikali ya kukinga seli na barafu) asilimia 10, joto likishuka nyuzi moja kwa dakika, ndipo ziende kwenye naitrojeni ya maji. Zinazokua usiziache zivuke milioni moja kwa mililita. Hesabu kwa rangi ya trypan blue: zilizo hai hubaki angavu, zilizokufa hunywa rangi. Halafu pima tena, kila mwezi.

Na nyinyi mnaokimbilia kumwaga imatinib, dawa ya leukemia hiyo, ili mpate grafu ya kupeleka jaridani, jiulizeni mnamuua nani. Seli yenye mikoplazma hubadili ukuaji wake na hata jeni inazowasha. Grafu itapendeza, ukweli hamna. Acheni uvivu, jamani, pimeni!

Msimamizi akikataa gharama ya PCR, dada, mwombe kwa barua pepe, siyo kwa mdomo. Jibu lake lihifadhi.