Kwa nini dawa kabla ya kisu

Dadangu, umeuliza kwa nini daktari ataka kumtundikia babako dripu kwanza, na uvimbe wa melanoma, saratani ya ngozi, ungeweza kukatwa hata kesho. Si kucheleweshwa. Dawa hiyo huiamsha kinga ya mwili, na uvimbe ukiwa ungali mahali pake, kinga hupata pa kumjulia adui vizuri, kisha imwinde hata alikojificha. Marekani waliijaribu pembrolizumab, dawa ya aina hiyo, kwa wagonjwa 313 wa melanoma. Wote walipangiwa dozi 18, ila kundi moja lilianza na 3 kabla ya upasuaji. Matokeo yalitoka 2023: kwa miaka 2, asilimia 72 ya kundi hilo ugonjwa haukurudi wala kuzidi, waliopasuliwa kwanza ni asilimia 49. Tofauti hiyo si ndogo, wallahi.

Akiharisha sana au pumzi ikimbana, mpigieni daktari siku hiyo hiyo, kwani kinga iliyoamshwa yaweza kuvishambulia viungo vizima.

Na tazameni nyayo zenu nyote, kwani melanoma hujitokeza hata huko. Mamangu mdogo, kule Kisauni, alikuwa na doa jeusi kisiginoni, kingo zimepindapinda. Miezi tukidhani ni hina iliyokataa kutoka.