Nani atalipa kumtazama mtu akicheza gemu? Jibu kwa dada wa Mikindani

Dadangu, swali lako la jana limejibiwa kwa mzaha mwingi. Mimi nitalijibu kwa urefu, kwa hivyo yakhe mwenye haraka apite. Umesema kakako mdogo amemaliza kidato cha nne, hataki kusikia habari ya chuo, kutwa pedi ya gemu mkononi, na ameapa atakuwa mchezaji wa kulipwa. Umesema pia kuna bwana mmoja wa WhatsApp anayedai shilingi elfu tano ili amtie kwenye "akademi ya mashindano ya kimataifa". Kisha ukamalizia: nani mwenye akili zake atatoa pesa akamtazame mtoto wa mwenziwe akibonyeza vidude?

Hiyo elfu tano nitaifikia. Nianze na hilo la mwisho, maana ulilouliza kwa dharau ndilo lenye biashara yote ndani yake.

Nina kibanda cha gemu huku Kisauni, Mombasa, na wikendi huitwa kutangaza mashindano, ile kazi ya kushika maiki na kupiga kelele. Ukija kibandani kwangu Jumamosi usiku utakuta wawili wameshika pedi, watatu wanne wanangoja zamu, na waliobaki, ambao ndio wengi, hawana shilingi wala hawana haja ya kucheza. Wamejaza benchi na mlango. Wanajua nani ana hasira akifungwa na nani hucheza vizuri tu akiwa nyuma. Mwenzangu mwenye kibanda mtaa wa pili huwafukuza ati wanaziba hewa. Mimi huwauzia soda. Na wala hili si geni kwetu: pita Mji wa Kale baada ya alasiri uone dhumna inavyopigwa barazani, wanne wanacheza, kumi wamesimama, na hao kumi ndio wenye mdomo.

Mashindano yenyewe ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Oktoba 1972 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walishindana gemu ya Spacewar, na zawadi ilikuwa kuletewa jarida la Rolling Stone kwa mwaka mzima. Mwaka 1997 Dennis Fong, aliyejulikana kama Thresh, alishinda shindano la Quake akaondoka na Ferrari iliyokuwa ya John Carmack, mmoja wa waliotengeneza gemu hiyo. Gari zuri, hadithi nzuri. Lakini yote hayo yalikuwa mambo ya wachezaji kwa wachezaji.

Walioyafanya kuwa kitu cha kukaa na kutazama ni Wakorea. Uchumi wa Asia ulipoanguka mwaka 1997, watu wengi Korea Kusini walijikuta hawana kazi. Intaneti ya kasi ikawa inasambazwa, na vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa, wao huviita PC bang, vikaota kila mtaa. Mwaka 1998 ikatoka StarCraft. Kijana asiye na kazi, chumba cha bei rahisi, gemu nzuri: mpaka hapo ni kama Majengo tu. Tofauti ilikuja pale televisheni ilipoingia. Kufikia mwaka 2000 palikuwa na chaneli ya gemu tupu, Ongamenet, pamoja na chama cha kitaifa cha mchezo, KeSPA. Wachezaji wakavalishwa jezi, wakawekwa kwenye vyumba vya vioo jukwaani wasisikie kelele, na watangazaji wakakaa pembeni wakiwaeleza watu wa nyumbani kinachotokea. Julai 2004 fainali ya ligi yao ilifanywa ufukweni Gwangalli, mjini Busan, na iliripotiwa kwamba walikuja watu kama 100,000. Busan ni mji wa bandari kama wetu. Mimi kila nikipita pale ufukwe wa Pirates siku ya Idi, watu wamejaa mpaka majini, huiwazia hiyo fainali.

Baadaye intaneti ikachukua nafasi ya televisheni. Twitch, tovuti ya kutazama watu wakicheza gemu, ilianza mwaka 2011, na miaka mitatu baadaye Amazon ikainunua kwa dola milioni 970. Hakuna anayetoa pesa kama hizo kwa kitu kisichotazamwa.

Sasa hapa ndipo watu wengi huteleza, hata waandalizi wa hapa kwetu. Hudhani gemu ikipendwa kuchezwa itapendwa kutazamwa. Hapana. Tulifanya mashindano ukumbi mmoja wa kukodi mjini, gemu ya mpira upande mmoja, Tekken, gemu ya ngumi, upande wa pili. Mpira, ule ambao tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC ingawa hapa bado kila mtu asema "fifa", ndio uliojaza orodha ya wachezaji. Fainali ikawa Real Madrid kwa Real Madrid. Kijana alipofunga moja, akaanza kurudisha mpira nyuma, kipa, beki, kipa, beki, mpaka dakika zikaisha. Ni haki yake, alikuja kushinda. Lakini viti vilianza kuachwa hata hafutaimu haijafika, na mimi kwenye maiki nilikuwa nimeishiwa maneno.

Upande wa Tekken alikuwepo mama wa viazi karai, aliyeingia kutafuta mteja wake aliyekuwa hajamlipa. Hajawahi kushika pedi maishani mwake. Akasimama na sufuria yake kiunoni, akatazama raundi moja, ya pili akaniuliza, "Huyu mwekundu mbona hajikingi chini?" Ameshaelewa! Mistari miwili ya uhai juu ya skrini, wako unapungua au wangu unapungua, anayemaliza wa mwenziwe ameshinda, kufumba na kufumbua raundi nyingine. Mama alikaa mpaka fainali akachagua upande, akamtukana refa. Kuna gemu nyingine, Dota 2 kwa mfano, ambazo mgeni akizitazama haoni ila taa na moshi. Hizo humtaka mtangazaji hodari, na mtu wa kuongoza kamera ndani ya gemu awaonyeshe watazamaji kile ambacho wachezaji wenyewe hawakioni, adui aliyejificha kichakani na kadhalika. Ni kazi kamili, inalipwa, na hapa kwetu wanaoijua ni wa kuhesabu.

Jambo jingine dogo lililobadilisha hesabu yetu ni mpangilio. Kibandani sheria ni mshindi abaki, mshindwa atoke. Ukiileta hiyo kwenye mashindano, mtu ametoka Likoni, amepanga foleni ya feri, amelipa kiingilio, anafungwa mechi ya kwanza kabla hajapoa jasho, na marafiki zake watano waliokuja kumshangilia wanaondoka naye. Ndiyo maana mashindano makubwa ya gemu za ngumi, kama Evo ya Marekani, humpa kila mtu maisha mawili: ukifungwa mara moja unashuka kwenye kundi la walioshindwa, na ukipambana huko unaweza kurudi hadi fainali. Tulipoanza mtindo huo, ukumbi haukupungua watu mpaka usiku. Na hakuna kinachoamsha kelele kama mtu aliyefungwa asubuhi akirudi jioni kumkabili yule yule.

Haya, pesa. Najua kakako amekutajia Bugha. Wote humtaja. Ni kweli: mwaka 2019 huyo Bugha, jina lake Kyle Giersdorf, kijana wa miaka 16, alishinda Kombe la Dunia la gemu ya Fortnite uwanjani Arthur Ashe, New York, akapata dola milioni tatu. Lakini kampuni ya Epic Games yenyewe ilisema waliojaribu kufuzu walikuwa zaidi ya milioni 40. Fanya hesabu mwenyewe.

Afadhali umwonyeshe mfano wa The International, mashindano ya Dota 2. Mwaka 2011, Cologne, Ujerumani, zawadi zote zilikuwa dola milioni 1.6. Mwaka 2021, Bucharest, zilipita milioni 40. Nani alitoa? Mashabiki. Kampuni ya Valve ilikuwa ikiuza vitu vya mapambo ndani ya gemu kila msimu, na robo ya mauzo ikaingia kwenye zawadi. Kisha ikabadilisha utaratibu wa kuuza, na mwaka 2023 zawadi zikashuka hadi kama dola milioni tatu. Wachezaji walikuwa bado hodari vile vile. Mkono wa mtazamaji ndio ulioondolewa mfukoni, basi. Ligi ya gemu nyingine, Overwatch, nayo ilianza mwaka 2018 kwa matajiri kununua nafasi za timu kwa mamilioni ya dola. Ilipofika mwaka 2023 ikafungwa. Watazamaji hawakuja kwa idadi waliyokuwa wameahidiwa wenye pesa.

Je, mtu wa kwetu aweza kufika? Aweza. Mwambie atafute habari za Arslan Ash wa Lahore, Pakistan. Mwaka 2019 alishinda Tekken 7 katika Evo ya Japani, kisha Evo ya Las Vegas, mwaka huo huo. Alitoka kwenye vibanda vya mtaani, na viza na safari zilimsumbua sana mpaka akaifikia Japani. Dunia haikuwa ikijua kwamba Pakistan kuna watu hodari namna hiyo, kwa sababu mechi zao hakuna aliyekuwa akizitazama nje. Na hapa Kenya tunaye Sylvia Gathoni, QueenArrow, mcheza Tekken aliyesajiliwa na timu ya nje mwaka 2018, Mkenya wa kwanza mwanamke kufanya hivyo. Huyo alikuwa anasoma sheria chuo kikuu. Hakuacha shule, na hili ulilitie mkazo ukimsimulia kakako.

Kinachotubana Mombasa chachekesha. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa mwaka 2009. Bara wanapata intaneti inayopita kwetu. Lakini seva, yaani kompyuta zinazoendesha gemu mtandaoni, za gemu nyingi ziko Ulaya na kwingineko mbali. Tekken huenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na ngumi ya haraka kabisa huchukua fremu 10. Ujumbe ukienda Ulaya na kurudi, milisekunde zaidi ya 100 zimeshapotea, sawa na fremu sita. Wewe waona mkono unainuka, kumbe kule ushapigwa. Kwa hivyo mtoto wa Mombasa akicheza mtandaoni na watu wa mbali hajui kama ameshindwa kwa uwezo au kwa umbali. Dawa ni kukutana ana kwa ana, mkiwa na skrini isiyochelewesha picha. Nayo ina taabu yake: ukumbi ule niliousema, mwenyewe alituhakikishia kuna jenereta. Stima ilipotea nusu fainali, jenereta ikaguna ikanyamaza, na tuliendelea baada ya isha watu wakiwa wamebaki nusu.

Kuna na jambo la mkeka, nisilipite. Vijana wetu huwekeana mia, mia mbili, kila mechi. Korea hilo liliwaletea balaa mwaka 2010, ikagundulika wachezaji wa StarCraft wameuza mechi kwa ajili ya kamari, na bingwa wa zamani akafungiwa maisha. Mashindano yangu ukionekana unakusanya pesa za kuwekeana, unatoka, hata uwe mjomba wangu. Mtazamaji akishuku tu mara moja, harudi.

Kakako basi. Mlete Kisauni Jumamosi tumwone, lakini nitamkalisha kwanza pembeni yangu na maiki ya pili. Kama anajua gemu kweli, atajua kumweleza mama wa viazi kinachoendelea. Hapa wachezaji tunao tele. Tunaokosa ni watangazaji wa Kiswahili, waongoza kamera, na watu wa kurusha matangazo bila picha kukwama. Hizo ni kazi anazoweza kujifunza huku akisoma chuo, hata cha ufundi wa umeme au kompyuta, na bado akacheza usiku.

Na yule bwana wa WhatsApp, usimtumie hata senti. Mashindano kama Evo yako wazi: mtu yeyote hujiandikisha mwenyewe mtandaoni na kulipa kiingilio, hapiti kwa dalali. Timu inayokutaka hukulipa wewe. Muulize maswali mawili tu: akademi iko jengo gani, na mashindano yao ya mwisho yako wapi mtandaoni tuyatazame. Akikujibu kwa kukutumia namba ya till, mbloki.