Mtuulize Kabla Wino Haujakauka

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: wananchi washirikishwe vipi katika kupanga barabara na njia za waenda kwa miguu? Mimi nasema washirikishwe mapema, tena wakiwa barabarani, si ukumbini.

Ukumbini nimeshakaa. Tuliitwa kutoa maoni kuhusu upanuzi wa barabara, tukakuta mchoro umeshabandikwa ukutani, umepakwa rangi kila mahali, hata miti imechorewa vivuli. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Sasa mimi nikishuka kwenye basi, nitavukia wapi?" Kivuko kilikuwa mbali na kituo. Akajibiwa kuwa suala lake litazingatiwa. Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukaondoka. Barabara ilipokamilika, watu wakawa wanavuka palepale aliposema mzee, na nyasi za katikati zikakanyagwa mpaka kikatokea kijia. Kijia kile ndiyo maoni yetu, na yamekuja baada ya lami kumwagwa.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alieleza ushirikishwaji kwa mfano wa ngazi yenye vipandio vinane. Chini kabisa watu wanalaghaiwa tu, katikati wanapashwa habari na kuombwa maoni, juu wanashika maamuzi wenyewe. Alionya kwamba kuomba maoni bila uhakika wowote kwamba yatafuatwa ni ushirikishwaji wa jina. Karatasi ile ya mahudhurio inanikumbusha onyo hilo kila mara.

Kwa nini barabarani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliwahi kumsindikiza bibi jirani yangu anayetembelea mkongojo, tukafika kwenye taa. Ya kijani ilipowaka, hakuondoka papo hapo. Alitanguliza mkongojo chini ya ukingo, akaupima, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili. Wenzetu walikuwa wameshafika katikati. Sisi tulifika katikati taa ikiwa nyekundu, na gari la kwanza likaanza kunguruma.

Hilo ni suala la hesabu. Kwa miaka mingi wahandisi wa Marekani walipanga muda wa taa wakikadiria kuwa mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Mwongozo wao wa 2009 ukashusha kiwango hicho hadi karibu mita 1.07. Kwa mwendo wa mita 1.2, barabara ya upana wa mita 14 unaimaliza kwa sekunde zisizofika 12. Mtu anayekwenda mita 0.8 anahitaji sekunde 17 na nusu, na hapo sijahesabu kushuka ukingo. Mhandisi akitembea na bibi yule mara moja tu, sekunde hizo ataziona kwa macho yake. Atembee pia na asiyeona, na mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na wanafunzi saa wanayotoka shule. Hao ndio wasiofika mikutanoni, maana mikutano huitishwa saa ambazo hawana nafasi.

Najua wapangaji wanaogopa kwamba watu wakiulizwa watakataa kila kitu. Basi wawajaribishie kwanza. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, walifanya hivyo mwaka 2006. Tozo ya magari yanayoingia katikati ya jiji ilijaribiwa kuanzia Januari hadi mwisho wa Julai, na Septemba wakazi wakapiga kura. Kabla ya jaribio wengi waliipinga. Baada ya kuona foleni zimepungua, wengi wa wapiga kura wa jiji wakaikubali. Kivuko nacho kinaweza kujaribiwa kwa rangi na vizuizi vya kuhamishika kabla zege halijamwagwa. Kikionekana hakifai, kinasogezwa.

Jambo moja zaidi, na hili linaniuma kuliko yote: wapangaji, mrudi. Mkishachukua maoni yetu, rudini na karatasi inayosema lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani. Nikikataliwa kwa sababu ninayoielewa, mkutano ujao nitakuja. Mzee yule hakupewa sababu yoyote, na tangu siku ile sijamwona tena mkutanoni.