Kundi la Pili: anzia kwenye tanuri la chokaa

Kidato cha sita, mtihani wa utamirifu, niliandika kwamba hidroksidi za Kundi la Pili (magnesiamu, kalsiamu, bariamu na wenzao) zinazidi kugoma kumumunyuka kadiri unavyoshuka kwenye jedwali la elementi. Mwalimu akazungushia wino mwekundu na kuandika neno moja: "Salfeti?" Jedwali lote nilikuwa nalo kichwani, ila limelala kifudifudi.

Siku hizi nafundisha tuisheni Mbalizi. Kijana akija na jedwali lake lililopakwa rangi, namwambia alifunge kwanza, tuongee habari za chokaa. Waliokulia upande wa Songwe wanaijua: mawe yanapangwa kwenye tanuri, kuni zinateketea, na ukilichukua jiwe lililopoa lina umbo lile lile ila mkononi jepesi ajabu. Gramu 100 za jiwe safi, yaani kabonati ya kalsiamu, zimebaki 56. Zile 44 zimeondoka kama hewa ya kaboni dioksidi. Limwagie maji, ukiwa umesogea nyuma: linachachatika, linapasuka, linafura, mvuke unakufukuza.

Sasa swali. Kwa nini jiwe hilo lidai karibu nyuzi 900, wakati kabonati ya magnesiamu inaachia mapema zaidi, na ya bariamu inapita 1,000 ikiwa imetulia tu? Ioni zote, yaani atomi za metali zilizopoteza elektroni mbili, zina chaji ile ile, chanya mbili. Ya magnesiamu ni ndogo, chaji imebanana, inaivuta kabonati hadi inavunjika. Ya bariamu ni pana, mvuto wake umetawanyika.

Ukishaona ukubwa huo, mengi yanafuata. Kila mstari unaoshuka unaongeza tabaka la elektroni, zile mbili za nje zinakaa mbali na kiini. Kung'oa ya kwanza ni kilojuli 738 kwa moli kwenye magnesiamu, 590 kwenye kalsiamu, 503 kwenye bariamu. Ndiyo maana magnesiamu inazubaa kwenye maji baridi, kalsiamu inatoa mapovu palepale.

Kumumunyuka sikufundishi kwa nadharia. Ni ndefu na inachosha. Natumia dawa. Ile nyeupe ya kiungulia unatikisa chupa kabla ya kunywa, kwa kuwa hidroksidi ya magnesiamu inatuama chini. Ya bariamu ingemumunyuka vizuri. Salfeti ni kinyume: ya magnesiamu inapotea majini, lakini ya bariamu mgonjwa hunyweshwa kama uji kabla ya eksirei ya tumbo. Bariamu iliyomumunyuka ni sumu; hii haimumunyuki, inatoka kama ilivyoingia.

Halafu usiseme "kuyeyuka" kwa yote mawili. Nusu ya makosa ninayosahihisha yanaanzia kwenye neno hilo. Kumumunyuka ni majini; kuyeyuka ni kwa moto, na hapo usilazimishe mstari ulionyooka: magnesiamu nyuzi 650, kalsiamu 842, bariamu 727. Magnesiamu imeharibu foleni. Ukiulizwa mtihanini, andika hivyo hivyo.