Maswali ya wasomaji: "Mpaka", "bado" na "kwa" vikivuka kwenda Kiingereza

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza vihusishi na vielezi vidogo vya Kiingereza. Tumechagua zile ambazo kosa lake linaleta mkanganyiko wa kweli kazini, na moja mbili za darasani.

Shikamooni wahariri. Nilimwandikia mteja wetu wa nje: "Please send the documents until Friday." Akaniuliza kama anatakiwa atume nyaraka kila siku. Nimekosea wapi? (Katibu muhtasi, Dodoma)

Marahaba. Ilitakiwa "by Friday". Sisi tunatumia "mpaka" na "hadi" kwa mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyatenga. La kwanza ni tendo au hali inayoendelea, kisha ikakoma wakati fulani: "The office is open until four", "Wait here until I call you." La pili ni tendo la mara moja lenye siku ya mwisho. Unaweza kulifanya leo, kesho au siku yenyewe, mradi usiipitishe. Hapo ni "by". Mteja wako aliposoma "send until Friday" alielewa kwamba kutuma kuendelee bila kukoma hadi Ijumaa, na kwa Kiingereza alielewa sawasawa.

Kipimo ni hiki: ukiweza kusema "ifikapo Ijumaa" na maana ikabaki ileile, andika "by". Ukiweza kuongeza "muda wote huo", andika "until". Kwa hiyo kutuma, kulipa, kumaliza, kurudisha na kufika huenda na "by". Kusubiri, kukaa, kulala, kufanya kazi na kuwa wazi huenda na "until".

Penye kukanusha panahitaji uangalifu zaidi, maana maneno yote mawili yanakubalika lakini ahadi ni tofauti. "The report will not be ready until Friday" inamwambia msomaji kwamba Ijumaa ataipata. "The report will not be ready by Friday" inamwambia kwamba Ijumaa itafika bila ripoti, na siku ya kuipata haijatajwa. Tumeona watu wakibadilisha moja kwa nyingine kana kwamba ni sawa, kisha pande mbili zinalaumiana.

Katika barua ya malipo au mkataba, usiishie kwenye "by Friday". Andika saa na tarehe: "by 4 p.m. on Friday, 14 March". Na kwa umbali, "mpaka" haiwi "until". "Basi hili linafika mpaka Moshi?" ni "Does this bus go as far as Moshi?"

Mgeni akiuliza kama chumba kimesafishwa, nami najua bado, huwa namjibu "Still." Anabaki kunitazama. (Mhudumu wa mapokezi, Zanzibar)

Jibu lako lilikuwa "Not yet." "Bado" ikisimama peke yake kujibu kama jambo limeshafanyika huwa ni "not yet", si "still".

"Bado" ikija na kitenzi cha kuyakinisha, ndipo "still" inapofaa: "Bado wanasafisha" ni "They are still cleaning it." Ikija na kitenzi cha kukanusha, una njia mbili. "They haven't cleaned it yet" ni taarifa tu. "They still haven't cleaned it" ina manung'uniko ndani yake, kama kwamba kazi imechelewa kuliko inavyostahili. Wewe wa mapokezi tumia ya kwanza, na ukisikia mgeni ametumia ya pili, ujue amekasirika hata kama sauti yake ni ya upole.

Angalia pia mahali pa kuliweka neno. "Yet" hukaa mwisho wa sentensi. "Still" hukaa mbele ya kitenzi kikuu ("He still works here"), lakini baada ya "is", "are" na "was" ("She is still here"). Kwenye kukanusha hutangulia "haven't" na "doesn't". "I haven't still eaten" si Kiingereza.

Ile "-mesha-" yetu huwa "already": "Wameshasafisha" ni "They have already cleaned it." Kwenye swali, hata hivyo, geukia "yet". "Have they cleaned it yet?" ni kuuliza tu. "Have they cleaned it already?" ni kushangaa kwamba wamewahi hivyo.

Ni "in the bus" au "on the bus"? Mwalimu anasema moja, kitabu kinasema nyingine. (Mwanafunzi, Kisumu)

Chombo cha abiria ambacho ndani yake watu husimama na kutembea huchukua "on": bus, train, plane, ship, ferry. Gari dogo unaloingia kwa kuinama na kuketi papo hapo huchukua "in": car, taxi. Pikipiki na baiskeli unavipanda juu, kwa hiyo "on". Matatu, kwa kuwa ni usafiri wa umma wenye njia yake, huchukua "on" vizuri, ingawa "in a matatu" nayo inasikika sana na haimpotoshi mtu. Vitenzi hufuata mkondo huohuo: "get on" na "get off the bus", lakini "get into" na "get out of the car".

Kwenye mtihani kosa kubwa huwa kwingine. Ukitaja njia ya usafiri unasema "by bus", bila "the" wala "my". Ukishamtaja mwenye gari, "by" inaondoka: "I came in my brother's car", si "by my brother's car". Na kwa miguu ni "on foot".

Nikimwambia mgonjwa asiyejua Kiswahili arudi "after three days", ni sawa? (Muuguzi, Tanga)

Ataelewa, lakini ukihesabu kuanzia sasa kwenda mbele, Kiingereza kinapendelea "in three days". "After three days" hufaa zaidi kusimulia yaliyopita: "After three days the fever went down." Usiichanganye na "within three days", kwani hiyo inamruhusu arudi hata kesho, mradi siku tatu zisipite. Kwa dawa na miadi ongeza siku yenyewe: "Come back in three days, on Thursday."

Kuhusu nyakati kwa jumla: saa huchukua "at", siku na tarehe "on", mwezi na mwaka "in". "In the morning" lakini "at night". Ukitaja siku, "on" inashinda: "on Monday morning". Mbele ya "next", "last", "this" na "every", usiweke kihusishi chochote: "See you next Monday."

Niko Muscat. Kwenye fomu niliandika "I am working here since 2019". Wameisahihisha bila maelezo. (Msomaji, Oman)

"Since" ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kitenzi. Kiswahili kinaruhusu "Nafanya kazi hapa tangu 2019", kwa wakati uliopo. Kiingereza kinataka "I have been working here since 2019." Baada ya "since" weka mwanzo wa jambo: mwaka, siku, tukio. Baada ya "for" weka urefu wa muda: "for five years". "Since five years" haipo. Ukitaka kutaja siku uliyofika tu, ni "I came five years ago", kwa wakati uliopita.

Kwa nini "discuss about" ni kosa wakati "talk about" ni sahihi? (Karani, Mombasa)

Swali zuri, na jibu lake linaanzia kwenye vitenzi vyetu wenyewe. Sisi kihusishi tunakichomeka ndani ya kitenzi: lipa huwa lipia, ngoja huwa ngojea. Kiingereza hukiacha nje: "pay for", "wait for". Anayeandika Kiingereza hujifunza kwamba vitenzi vinahitaji mkia, kisha anauweka hata pale usipotakiwa. "Discuss" tayari ina maana ya kuzungumzia jambo, kwa hiyo jambo lenyewe hufuata moja kwa moja: "We discussed the budget."

Kinachowapotosha wengi ni kwamba nomino ya neno hilohilo huchukua kihusishi. "We discussed the budget", lakini "a discussion about the budget". "I request leave", lakini "a request for leave". "They lack water", lakini "a lack of water". "He emphasised safety", lakini "an emphasis on safety". Kabla ya kuandika, tazama kama neno lako hapo ni kitenzi au ni nomino.

"Enter the room" haina "into", ila makubaliano ndiyo "enter into an agreement". "Reach Mombasa" haina kitu, ilhali "arrive" huchukua "in" kwa mji au nchi na "at" kwa kituo, jengo au mlango. "Arrive to" haitumiki. Unaponakili kitenzi kipya daftarini, kinakili na mkia wake ndani ya sentensi nzima, maana kitenzi peke yake hakitakuambia.

"Kwa" ni "by" au "with"? (Fundi, Arusha)

Chombo cha kazi ni "with", mtendaji ni "by". "Mlango ulifunguliwa na mlinzi kwa ufunguo" ni "The door was opened by the guard with a key." Ile "na" ya mtendaji ndiyo inayokuwa "by". "Na" ya kuandamana, kama "nimekuja na baba", inarudi kuwa "with": "I came with my father."