Mwajuma aligeuka Juma: umuhimu wa kusoma nyaraka rasmi za Python

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliniomba programu ndogo ya kutunza madeni ya wateja. Kwenye orodha yake kila jina, kwa herufi ndogo, lilitanguliwa na alama: mwa- kwa wa Mwanza, gei- kwa wa Geita. Nilitaka alama itoke libaki jina. Nikaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, amri ya kufuta mwanzoni mwa neno, lstrip("mwa-"), nikamkabidhi kazi.

Jioni akapiga simu. "Mwanangu, Mwajuma wangu yuko wapi? Humu kuna juma, na mimi sina mteja Juma." Amina naye alibaki "ina". Nilishikwa na baridi, maana hilo ni daftari la pesa za watu.

Nilipekua video hadi usiku wa manane. Kila moja ilionyesha lstrip ikifanya kazi kwa mfano uliobahatika. Jibu nililipata docs.python.org, tovuti ya nyaraka rasmi: unachoweka kwenye mabano si kiambishi, ni mkusanyiko wa herufi. Python inafuta m, w, a na kistari kwa mpangilio wowote, hadi ikutane na herufi isiyomo. Ndiyo maana mwa-mwajuma ilipoteza "mwa" zote mbili. Palepale wanakuelekeza kwenye removeprefix, inayotoa kiambishi chenyewe tu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, fungua humo Library Reference, kisha Built-in Types. Methodi, yaani amri kama lstrip, za maandishi, orodha na kamusi zimo humo. Ukiikuta unayoitaka, tazama kwanza inarudisha nini: sort hupanga orodha ileile na kurudisha None, yaani hakuna kitu, wakati sorted hukupa orodha mpya. Hapo wengi wanapoteza siku nzima.

Bando likiisha, andika dir(str) ndani ya Python upate majina yote ya methodi za maandishi (str), halafu help(str.lstrip). Ila help ni fupi mno, lile onyo la kiambishi haina. Mimi nimepakua nyaraka nzima, ni bure, nazisoma hata nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga.

Na uangalie namba ya toleo juu ya ukurasa. removeprefix iliingia toleo la 3.9, mwaka 2020; kompyuta ya mama ilikuwa na 3.8. Nilimwekea toleo jipya alfajiri, na alipofungua magunia, Mwajuma alikuwa amerudi na deni lake kamili.