CT iliyogeuzwa: pima kwa jiwe la tochi

Fundi wa Kisumu, mita ikisoma kilowati hasi kwenye fezi moja na mzigo ni wa kawaida, shuku CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) iliyogeuzwa. Zima stima, hakikisha imekatika kweli, ndipo ufungue nyaya za S1 na S2, ncha za sekondari, yaani koili ya CT inayolisha mita. Unga mita ya mshale kwenye miliampia, chanya S1, hasi S2. Pitisha waya katikati ya CT, kisha uuguse kwa jiwe kubwa la tochi: chanya upande wa P1 (mkondo unakoingilia CT), hasi P2 (unakotokea). Gusa na kuachia, usishikilie. Mshale ukiruka mbele unapogusa na nyuma unapoachia, polariti (mwelekeo wa CT) iko sawa. Mita ya dijitali huchelewa. Mimi siitumii hapa.

Rudisha S1 na S2 kabla ya kuwasha. Sekondari ikiachwa wazi mkondo ukipita, volti zake zaweza kuua. CT yenye sili ya Kenya Power usiiguse, waite wao.